Kutoka Mtakatifu Isidori hadi Kupalizwa: Wakati na Namna ya Kupanda Bitiruti



Ndugu msomaji, makala hii ina deni ndani yake. Mwaka juzi sisi mafrateri wa kikundi cha bustani tulipanda tuta letu la kwanza la bitiruti. Kabla hata mbegu hazijaota, tulikwisha kuwashauri akina mama wa kigango cha jirani nao wapande. Wakanunua pakiti za mbegu kwa fedha ya kikundi chao, wakafuata maelekezo yetu bila kupunguza hata moja. Baada ya miezi mitatu sisi tulivuna majani mengi na mizizi myembamba kama mikia ya panya. Wao wakavuna vilevile. Kwetu jikoni maharage yaliendelea kuiva kama kawaida. Kwao fedha ilikuwa imekwenda.

Mama mmoja aliniambia kwa upole tu, "Frateri, sisi tulijua ninyi mmesoma." Neno hilo lilinikaa moyoni kuliko karipio. Tangu hapo nimejifunza zao hili kwa kuuliza na kwa kupanda upya, na hapa naandika yale ambayo ningetamani kuyajua kabla sijafungua mdomo. Nayaandika kwa ajili ya mafrateri wenzangu wanaopokea bustani mwaka huu, na kwa waumini wa nyanda za juu wanaotaka kupanda tuta moja au mawili nyumbani.

Bitiruti ni mmea gani?

Mimi nimezaliwa pwani. Bitiruti niliifahamu kwenye glasi ya juisi miaka mingi kabla ya kuiona udongoni, na nilidhani ni aina ya kiazi. Sivyo. Ni mzizi uliovimba wa mmea ambao ni ndugu wa karibu sana wa mboga tunayoiita spinachi sokoni. Ile spinachi yenye mashina mapana meupe na bitiruti ni spishi moja kabisa. Watu walichagua mbegu kwa karne nyingi, hawa wakitafuta majani, wale wakitafuta mzizi. Mchicha nao uko katika ukoo huohuo. Kwa hiyo majani ya bitiruti si takataka. Ni mboga kamili.

Babu wa mimea hii bado anaota mwituni kwenye fukwe za Bahari ya Mediteranea na za magharibi mwa Ulaya. Theofrasto, mwanafunzi wa Aristotle aliyeandika juu ya mimea, aliutaja mmea huu. Wakati ule ulithaminiwa hasa kwa majani yake. Aina nyingine ya ukoo huu ndiyo inayotoa sukari: mwaka 1747 mkemia Andreas Marggraf alionyesha huko Berlin kwamba sukari yake ni ileile ya miwa. Hiyo ina mzizi mweupe na hulimwa kwa ajili ya viwanda, wala si hii ya mezani.

Kutokana na asili hiyo ya ufukweni, bitiruti huvumilia chumvi kidogo katika udongo. Lakini ufukwe ule ni wa nchi zenye ubaridi, si kama wetu wa Bagamoyo au Tanga. Kinachoamua mavuno ya bitiruti kwanza ni joto la hewa, na hapo ndipo tulipokosea.

Kosa la kwanza: wakati

Pakiti ya mbegu tuliyonunua ilitoka nje ya nchi. Ilisema: panda majira ya machipuko. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimetoka kwenye kipindi cha mantiki, nikajenga hoja. Bitiruti hupandwa majira ya machipuko. Katika nusu ya kusini ya dunia machipuko huanza Septemba. Tanzania iko nusu ya kusini. Basi tupande Septemba. Wenzangu wakakubali, na kigango kikakubali.

Hoja ilisimama vizuri kwenye karatasi, ila nilisahau kuuliza kwa nini pakiti inasema hivyo. Katika nchi zenye majira manne, wakulima husubiri machipuko kwa sababu kabla ya hapo udongo umeganda kwa baridi. Mbegu huota vizuri udongo ukishafikia kama nyuzi joto 10 za Selsiasi, kisha mmea hukua katika miezi ambayo bado ina ubaridi. Sisi hatuna udongo ulioganda. Kwetu Septemba haitoki kwenye baridi kuelekea wastani. Inatoka kwenye wastani kuelekea joto. Mwezi Oktoba jua likawa kali, tuta likakauka kabla ya mvua kuja, mbegu nusu hazikuota, na zilizoota ziliteseka.

Bitiruti hukua vizuri zaidi kati ya nyuzi joto 15 na 20. Joto likipita 25 kwa siku nyingi, mzizi unakuwa mgumu wenye nyuzinyuzi, utamu unapungua, na ukiukata unaona miviringo myeupe badala ya wekundu uliokolea. Kwa upande wa baridi mmea ni mvumilivu, hata umande ulioganda kidogo alfajiri hauuui.

Kwa hiyo swali la mkulima wetu lisiwe "machipuko ni lini?" bali "hapa kwangu ubaridi uko wapi na uko lini?" Jibu lina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni mwinuko. Kuanzia kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na kuendelea, bitiruti inaweza kupata nafasi yake: Lushoto, miteremko ya Kilimanjaro na Meru, Iringa, Njombe, Mbeya. Ndugu zangu wa Dar es Salaam na Tanga mjini, nasema hili kwa upendo: hata Julai mchana kwetu ni joto mno. Mtapata majani, lakini mzizi utawasumbua. Limeni mchicha, na bitiruti inunueni.

Sehemu ya pili ni mwezi. Huku kaskazini mwa nchi masika hunyesha kati ya Machi na Mei, kisha Juni hadi Agosti ni baridi. Nyanda za juu kusini mvua ni moja, kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha Mei hadi Agosti ni baridi na ukavu. Mvua ni tofauti, lakini ubaridi unakutana. Ukipanda katikati ya masika, mvua kubwa huzoa mbegu, hugandamiza udongo na huleta madoa ya majani. Ukichelewa hadi Agosti, mizizi inajaa wakati joto limerudi. Dirisha zuri ni kuanzia mwisho wa Aprili hadi mwisho wa Juni. Udongo bado una unyevu wa mvua iliyopita, hewa imepoa, na mbele kuna miezi mitatu ya ubaridi.

Katikati ya dirisha hilo kuna tarehe rahisi kuikumbuka. Tarehe 15 Mei Kanisa humkumbuka Mtakatifu Isidori, kibarua wa shamba karibu na Madrid, aliyelima ardhi ya mtu mwingine maisha yake yote. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1622, siku moja na Ignasi wa Loyola, Fransisko Ksaveri, Teresa wa Avila na Filipo Neri, na ndiye msimamizi wa wakulima. Kuanzia siku hiyo hadi sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, tarehe 15 Agosti, ni siku 92. Bitiruti katika ubaridi wa milimani huchukua takriban siku 70 hadi 90. Hivyo kalenda ya Kanisa inatutunzia hesabu bila daftari.

Kumbuka jambo moja: miezi hii haina mvua ya kutosha, hasa kusini. Lazima uwe na maji. Vinyungu vya mabondeni Iringa na Njombe, na mifereji ya asili ya Kilimanjaro, ni mahali pazuri. Bila chanzo cha maji cha karibu, usianze.

Kosa la pili: samadi mbichi

Seminari yetu ina nguruwe, na samadi haikosekani. Tuliimwaga tutani ikiwa bado mbichi, tukidhani tunaufadhili mmea. Majani yalinawiri ajabu. Wageni walisimama kuyasifu. Lakini samadi mbichi ina naitrojeni nyingi, nayo husukuma majani huku mzizi ukibaki nyuma. Tena madonge yake na joto lake huufanya mzizi ugawanyike kama uma.

Kanuni ni samadi iliyooza kabisa, isiyo na harufu kali na isiyo na joto ukiishika. Ndoo moja ya lita 20 inatosha mita mbili za mraba. Changanya na udongo wiki mbili au tatu kabla ya kupanda. Lima kwa kina cha sentimita 25 hivi, ondoa mawe na mizizi ya magugu, lainisha madongo. Mzizi hauwezi kuwa mviringo ndani ya udongo mgumu.

Jambo linalosahaulika zaidi ni uchachu wa udongo. Maeneo mengi ya milimani, yanayopata mvua nyingi, yana udongo wenye tindikali. Chai na viazi mviringo huvumilia, bitiruti haivumilii. Inataka pH kati ya 6.0 na 7.0. Chini ya hapo miche hudumaa, majani hugeuka mekundu na mmea unakaa palepale wiki hata wiki. Ukiweza, mpe afisa ugani sampuli ya udongo akupelekee kupimwa. Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro nacho hupima. Kipimo kikionyesha uchachu, weka chokaa ya kilimo kwa kiasi utakachoelekezwa, miezi miwili kabla ya kupanda. Kwa tuta dogo la nyumbani, majivu makavu ya kuni husaidia: kama gramu 100 kwa mita moja ya mraba, yatawanywe na kuchanganywa na udongo. Usiyaweke siku moja na samadi, maana hufukuza naitrojeni hewani. Wala usirudie kila msimu bila kupima.

Ukikata bitiruti na kukuta mabaka meusi kama kizibo ndani, mara nyingi udongo umepungukiwa na madini ya boroni. Tiba ipo, lakini kiasi kinachohitajika ni kidogo mno na kikizidi ni sumu kwa mmea. Hapo usikisie, muulize mtaalamu.

Mbegu na kupanda

Aina zinazopatikana kwa urahisi katika maduka ya pembejeo ni Detroit Dark Red na Crimson Globe, zote za mviringo na zenye wekundu uliokolea. Angalia tarehe kwenye pakiti, na usinunue mbegu zilizopimwa kutoka kwenye mfuko uliokwisha kufunguliwa.

Tuta la mfano liwe na upana wa mita 1 na urefu wa mita 10. Linahitaji kama gramu 10 za mbegu. Loweka mbegu kwenye maji safi usiku kucha, kwa sababu ganda lake ni gumu na lina kitu kinachozuia kuota. Asubuhi zichuje. Chora mistari mitatu, kila mmoja ukiwa sentimita 30 kutoka mwenzake. Weka mbegu kwa kina cha sentimita 2, nafasi ya sentimita 5 kati ya mbegu na mbegu, kisha fukia kwa udongo laini na mwagilia polepole. Tandaza nyasi kavu nyembamba juu, uziondoe miche ikianza kuchomoza.

Panda moja kwa moja tutani. Bitiruti inaweza kuhamishwa ikiwa bado changa sana, lakini mzizi ukijikunja wakati wa kuhamisha, utabaki umejikunja hadi mavuno.

Maji yanayohitajika ni kama lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki. Kwa tuta letu la mita 10 za mraba ni ndoo 12 au 13 za lita 20. Mwagilia mara tatu kwa wiki, ndoo 4 kila mara. Afadhali maji ya kutosha kwa vipindi kuliko kunyunyiza kidogo kila jioni. Tuta likikaushwa sana kisha likafurikishwa ghafla, mizizi hupasuka.

Kosa la tatu: huruma isiyo na busara

Hili ndilo lililotumaliza, na ndilo lililowamaliza akina mama wa kigango.

Ile tunayoiita mbegu ya bitiruti kwa kawaida si mbegu moja. Ni kifundo chenye mbegu mbili hadi tano zilizoshikamana. Ukipanda kifundo kimoja, miche mitatu inaweza kuchomoza shimo lilelile. Sisi hatukulijua hilo. Tulipoona tuta limejaa miche tulimshukuru Mungu, tukasema tumebarikiwa. Padre mlezi wa kazi za mikono alipita akatuuliza kama hatutapunguza. Tulimjibu kwamba ni dhambi kung'oa mche wenye afya. Alitabasamu, akaendelea na rozari yake.

Kila mche ulikuwa na afya kweli. Lakini mizizi mitatu ikigombea nafasi ya mmoja, hakuna hata mmoja unaovimba. Tuliokoa miche yote, tukaikosa bitiruti yote. Aristotle anatufundisha kutofautisha kile kitu kinachoweza kuwa na kile kilivyo tayari. Mche una uwezo wa kuwa bitiruti, lakini uwezo huo hautimii bila nafasi, mwanga na chakula. Kuuacha mche mahali ambapo hauwezi kukamilika si kuutendea wema.

Basi punguza, tena mara mbili. Mara ya kwanza, miche ikiwa na urefu wa sentimita 5 hivi, acha mmoja tu kila kifundo, ule wenye nguvu. Usiing'oe kwa kuvuta, kwa sababu mizizi imeshikana na utaulegeza unaoubakiza. Ikate kwa mkasi au ibane kwa kucha usawa wa udongo. Mara ya pili, baada ya wiki mbili au zaidi, acha nafasi ya sentimita 10 kati ya mmea na mmea. Hii ya pili haipotei: majani machanga ni mboga laini, kaanga na kitunguu na nyanya kama mchicha. Tuta lako litabaki na mimea kama 300. Hata theluthi moja ikiharibika, na kila mzizi uwe na gramu 100 tu, umepata kilo 20.

Utunzaji

Palilia kwa mkono karibu na mimea, maana jembe hukwaruza mzizi. Mabega ya mzizi yakitokeza juu ya udongo usishtuke, ndivyo inavyokua. Funika kidogo kwa udongo ili yasikakamae kwa jua.

Adui ni wachache. Sota hukata miche usiku usawa wa ardhi; asubuhi fukua karibu na mche uliokatwa, utamkuta amejikunja, muue. Vidomozi huchora njia nyeupe ndani ya majani. Chuma majani hayo uyachome. Madoa ya mviringo ya kahawia yenye ukingo mwekundu ni ugonjwa wa kuvu, nao huzidi majani yakilala yameloa. Mwagilia asubuhi na kwenye shina, si juu ya majani. Kinga kubwa ni mzunguko wa mazao: usirudishe bitiruti, spinachi au mchicha kwenye tuta hilohilo kabla ya miaka mitatu. Zifuatishe baada ya maharage, mahindi au kabichi.

Kalenda ya tuta moja

Hii ndiyo tunayoibandika ukutani mwa stoo ya bustani:

- 15 Mei, Mt. Isidori: panda.
- 3 Juni, Mashahidi wa Uganda: mbegu zote zilizo hai zimeota, jazia mapengo.
- 13 Juni, Mt. Antoni wa Padua: punguza mara ya kwanza, palilia.
- 29 Juni, Watakatifu Petro na Paulo: punguza mara ya pili, weka mboji kidogo kati ya mistari.
- 22 Julai, Mt. Maria Magdalena: fukua kidogo pembeni mwa mizizi michache uone unene wake.
- Mwanzoni mwa Agosti: anza kung'oa iliyotangulia.
- 15 Agosti, Kupalizwa: vuna tuta zima.

Jikoni wakihitaji bitiruti kwa muda mrefu, usipande matuta yote siku moja. Panda moja kila baada ya wiki tatu kuanzia mwisho wa Aprili, na la mwisho lisipite Juni.

Kuvuna na kuhifadhi

Vuna mzizi ukiwa na kipenyo cha sentimita 5 hadi 7, yaani kati ya yai la kuku na chungwa dogo. Tamaa ya kuuacha uwe mkubwa zaidi hulipwa kwa ugumu. Shika majani karibu na mzizi, vuta wima. Kisha nyonga majani kwa mkono, ukiacha vikonyo vya sentimita 3 hivi, wala usikate mkia wa chini. Ukikata karibu na mzizi, rangi yote na ladha vitatokea ndani ya maji ya kuchemshia. Chemsha na ganda lake dakika 30 hadi 45. Ikipoa, ganda linatoka kwa kusugua na vidole.

Ya kuweka usiioshe. Ipange kwenye kreti au sanduku lenye mchanga wenye unyevu kidogo, mahali penye kivuli na ubaridi. Itakaa wiki kadhaa. Majani hayakai: yapikwe siku hiyo au kesho yake.

Je, inaongeza damu?

Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu kosa la bustani hugharimu msimu, lakini kosa hili laweza kugharimu uhai.

Watu wengi hununua bitiruti kwa kuamini kwamba inaongeza damu. Wekundu wake umetushawishi, lakini rangi hiyo haina uhusiano na wekundu wa damu. Damu ni nyekundu kwa sababu ya chembechembe zenye madini ya chuma. Gramu 100 za bitiruti zina chini ya miligramu 1 ya madini hayo, wakati mama mjamzito anahitaji takriban miligramu 27 kwa siku. Kwa upande mwingine, bitiruti ina foleti nyingi, vitamini inayohitajika katika kutengeneza damu na muhimu sana kwa mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo ni chakula kizuri cha mjamzito, ila si badala ya vidonge vya kliniki. Mama aliyeambiwa ana upungufu wa damu anywe vidonge vyake, na bitiruti iwe kitoweo pembeni.

Vilevile juisi yake husaidia kushusha shinikizo la damu kwa kiasi, lakini mwenye dawa asiache dawa. Aliyewahi kupata mawe kwenye figo aile kwa kiasi na amuulize daktari, kwa kuwa ina oksaleti nyingi. Na ukiona mkojo mwekundu baada ya kula, kwa baadhi yetu ni rangi ya bitiruti tu. Itapita baada ya siku moja au mbili. Isipopita, nenda hospitali.

Kulipa deni

Mwaka jana hatukumshauri mtu. Tulipanda tuta moja, kimya kimya, baada ya kwenda kumuuliza mzee anayelima bondeni na afisa ugani wa kata. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anahesabu utayari wa kufundishwa kuwa sehemu ya fadhila ya busara. Nilikuwa nimelisoma hilo kwa ajili ya mtihani. Nililielewa nikiwa nimechuchumaa bondeni, mzee akinionyesha jinsi ya kubana mche kwa kucha. Yeye hakuwahi kusikia neno silojia, lakini alijua Oktoba ni ya nini na Mei ni ya nini.

Baada ya Misa ya Kupalizwa tulipeleka kreti mbili kigangoni. Hatukutoa hotuba. Tuliomba radhi kwa msimu waliopoteza, tukawaeleza makosa yetu matatu kama nilivyoyaeleza hapa: wakati, samadi mbichi, na miche tuliyoogopa kuipunguza. Yule mama alichukua bitiruti moja, akaipasua kwa kisu palepale, akaitazama ndani. Ilikuwa nyekundu mpaka katikati. Akasema, "Hii sasa ndiyo mliyotuambia."

Mwaka huu kikundi kimekubali kujaribu tena, matuta mawili tu, na safari hii mbegu tumenunua sisi kwa fedha ya mayai ya banda letu. Tarehe 15 Mei tutakuwa nao shambani, kamba na rula mkononi. Nawe, ndugu msomaji, kama una kipande cha ardhi milimani na maji ya kumwagilia, anza kuandaa tuta sasa, ili sikukuu ya Mtakatifu Isidori ikukute na mbegu zilizolowekwa. Na miche ikichomoza mitatu mitatu, mshukuru Mungu, kisha chukua mkasi.